Jiwe la Nane

Ngano tuliilaza sinia chini ya kitambaa kibichi,
siku ya nne ikaota meno meupe.
"Isije ikageuka kijani," alionya mama mkwe,
"ikishaliona jua huwa chungu."
Basi tukaitwanga ingali changa, ingali kipofu,
tukaikamua maziwa kwa shuka la harusi yangu,
tukayamimina katika chungu cha chuma
ambacho mtaa mzima hapa Istaravshan hukiazima
na hakuna akumbukaye ni cha nani.

Sukari hakuna.
Narudia, maana wageni huwa hawaamini: hata kijiko.
Ni kimea, unga, maji,
na mwiko mrefu kama mchi usioruhusiwa kutua
tangu adhuhuri hadi alfajiri ya Nairuzi.
Na mawe saba ya mtoni, yameoshwa yakang'aa,
yatembee chini ya uji, yauzuie usishike.

Zamu zikagawanywa.
Oyniso akapewa jioni, kwa kuwa ana sauti.
Mavzuna akapewa usiku wa manane,
mimba yake haimpi usingizi hata hivyo.
Mimi, bibi harusi wa majira mawili ya baridi,
nikaachiwa saa tisa,
saa ambayo hata mbwa wa Tohir mchinjaji hunyamaza.

Ndipo ukapiga simu.
Ulikuwa ndani ya gari la kusukuma theluji, huko Omsk,
injini ikikoroma nyuma ya sauti yako.
Nikaanza: bei ya unga, goti la mama, barua ya benki.
Ukasema, "Ngoja. Usiseme kwanza.
Nishikie simu karibu na chungu."

Nikainama.
Moshi wa kuni za aprikoti ukaniingia machoni,
nikapata kisingizio.
Mwiko ukazunguka, na kule chini mawe yakaanza
ko, ko-ko,
ko,
kama mtu abishaye hodi polepole
akijua wenye nyumba wamelala.
Hukusema neno. Nami sikusema.
Tukasikiliza mpaka salio likaisha.

Kulipokucha uji ulikuwa umeacha weupe,
umepita rangi ya asali,
umefika rangi ya udongo wa mfinyanzi.
Tukaufunika blanketi, tukaomba dua, tukaufunua.
Utamu ulikuwa umekuja wenyewe,
kwa miguu, usiku, bila kuitwa.

Bakuli baada ya bakuli.
Anayepata jiwe hufumba macho akanuia.
Mavzuna alipata, akaliweka juu ya tumbo.
Tohir alipata kwa jino lake bovu, akatukana,
kisha akauomba radhi mwaka mpya.
Watoto walihesabu kwa makelele: tano! sita!
La saba likaenda kwa bibi kiziwi wa nyumba ya pembeni,
ambaye alidhani tunamshangilia kwa kumaliza kula.
"Yamekwisha," akasema Oyniso.

Nikachota.
Ko.

Halikuwa jiwe la mto.
Mto hulamba mawe yake, hili lilikuwa na pembe,
na ubavuni limeng'ang'aniwa na ukoko wa saruji.
Nililitambua kama mtu atambuavyo jino la mwanawe.
Ni la nyumba yetu, ile ya nyuma ya jiko,
kuta zilizokomea kiunoni
kwa sababu fedha zilikomea kiunoni.

Nikamtazama mama mkwe.
Alikuwa anakwangua chungu kwa bidii nyingi,
chungu ambacho kilishakwanguliwa.
"Aliyehesabu mawe," alisema bila kugeuka,
"hakwenda shule."

Sikunuia kitu.
Nililimung'unya mpaka utamu ukaisha,
likabaki ladha ya vumbi na chokaa,
nikavuka ua, nikalirudisha penye pengo lake ukutani.
Kisha nikasimama pale, mikono ikinata,
nikihesabu kwa macho bati za paa.
Arobaini na mbili.
Ukipiga tena, nitaanzia hapo.